Reli ya Uhuru na Mji wa Makambako: Biashara, Utalii na Msamiati wa Safari

1.0 Utangulizi

Makambako ni mji wa Mkoa wa Njombe, katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, uliopo kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kabla ya mwaka 2012 mji huu ulikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa. Mwaka huo Mkoa wa Njombe ulianzishwa rasmi, na sensa ya mwaka huo huo ikaikuta Halmashauri ya Mji wa Makambako ikiwa na wakazi 93,827. Makao makuu ya mkoa yako Njombe, si Makambako. Hata hivyo, Makambako ndiko zinakokutana njia tatu: barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia, barabara iendayo Njombe na Songea, na reli ya TAZARA.

Mhadhara huu unafafanua namna reli hiyo ilivyoathiri biashara na utalii wa mji, na namna athari hizo zinavyojidhihirisha katika msamiati wa Kiswahili. Hoja inayotetewa ni kwamba reli iliyojengwa ili kusafirisha shaba ya Zambia iligeuzwa na wananchi wa kawaida kuwa njia ya kubadilishana mazao baina ya bonde la joto na nyanda za baridi. Manufaa hayo hayakuletwa na kuwapo kwa reli peke yake, bali yalitegemea sana treni kufika kwa wakati. Pale ratiba ilipovunjika, mchuuzi mdogo ndiye aliyeumia kwanza, na utalii haukupata nafasi ya kuota mizizi.

2.0 Chimbuko la Reli

Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru katika Rhodesia ya Kusini. Zambia, nchi isiyo na pwani, ilikuwa ikitegemea reli iliyopita katika nchi hiyo ili kusafirisha shaba yake. Marais Julius Nyerere na Kenneth Kaunda walitafuta njia nyingine ya kufika baharini, na baada ya nchi za Magharibi kukataa kugharimia mradi huo, China ilikubali. Mkataba ulitiwa saini Beijing Septemba 1967. Ujenzi ulianza mwaka 1970, ukakamilika mwaka 1975, na reli ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Urefu wake ni kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba.

Sehemu iliyowatoa jasho wajenzi kuliko zote ni ile iliyo kati ya Mlimba na Makambako. Hapo njia hupanda kutoka bonde la Kilombero hadi nyanda za juu, na katika umbali usiofika kilomita 160 ilibidi kujenga madaraja 46 na kutoboa mahandaki 18. Ujenzi wa reli yote uligharimu pia maisha ya watu. Zaidi ya Wachina 60 walifariki katika kazi hiyo, na wengi wao wamezikwa katika makaburi maalumu huko Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Watanzania na Wazambia waliofanya kazi hiyo walihesabika kwa maelfu, na baadhi yao hawakurudi tena vijijini kwao, bali walilowea katika vituo vya reli na kuanza maisha mapya.

3.0 Bonde na Nyanda: Msingi wa Biashara

Ili kuielewa biashara ya Makambako ni lazima kuzingatia tofauti ya hali ya hewa. Upande wa Mlimba na Ifakara kuna joto na maji mengi, na huko hustawi mpunga na ndizi. Upande wa Makambako na Njombe kuna baridi, na mazao yake ni mahindi, maharage, viazi mviringo na mboga. Kile kisichostawi upande mmoja hupatikana kwa wingi upande wa pili. Kabla ya reli, mlima ulizitenganisha pande hizi mbili. Barabara ya maana ya kuziunganisha moja kwa moja haikuwapo, na wakati wa masika vijiji vingi vya kati havikufikika kwa gari.

Reli iliondoa kizuizi hicho. Mwanahistoria Jamie Monson, katika kitabu chake kuhusu reli hii kilichochapishwa mwaka 2009, ameonyesha kwamba treni za kawaida zilizosimama kila kituo zilikuwa na maana kubwa kwa wakazi wa ukanda huo kuliko treni za mizigo zilizopita bila kusimama. Katika treni hizo mwanamke mwenye mikungu michache ya ndizi aliweza kuwa mfanyabiashara. Alipakia mzigo wake Mlimba, akauza Makambako, akarudi na gunia la viazi au maharage. Mtaji wake haukutosha kukodi lori, lakini ulitosha kulipia tiketi na kifurushi.

Mwanzoni biashara ya namna hii ilikuwa na vikwazo vya kisheria. Nafaka ilikuwa chini ya Shirika la Usagishaji la Taifa, na aliyeisafirisha kwa faida binafsi aliweza kuitwa mlanguzi. Vikwazo hivyo vililegezwa kwa hatua katika miaka ya 1980. Wakati huo huo barabara ya lami kutoka Makambako hadi Songea ilijengwa, na mazao ya Ruvuma na Njombe yakapata njia rahisi ya kufika kwenye makutano. Hapo ndipo Makambako ilipokuwa soko kubwa la mahindi, na maghala, nyumba za wageni na mashine za kukoboa vikaongezeka.

Athari hizo zilivuka mipaka ya mji. Mfano mzuri ni Ipelele, kata iliyo katika milima ya Wilaya ya Makete, mbali na reli. Wakinga, wenyeji wa wilaya hiyo, wanafahamika kote nchini kwa biashara, na maduka yao yameenea kuanzia Makambako na Mbeya hadi Kariakoo. Mkulima wa viazi wa Ipelele anaweza kuishi maisha yake yote bila kupanda treni. Hata hivyo, bei ya gunia lake huathiriwa na idadi ya wanunuzi walio kwenye makutano, na idadi hiyo huongezeka pale panapokuwa na njia zaidi ya moja ya kusafirishia.

Hapa kipimo nacho kina uzito wake. Mnunuzi wa lori kwa kawaida hununua kwa gunia, na mara nyingi gunia hilo ni lumbesa, yaani lililoshonewa kilemba juu ya mdomo wake, huku mkulima akilipwa bei ya gunia moja. Kifurushi cha treni hupimwa kwa mizani. Pale mkulima anapokuwa na njia moja tu ya kuuzia, hana sauti ya kuikataa lumbesa.

4.0 Ushahidi wa Lugha

Kwenye stesheni hukutana Wabena, Wahehe, Wakinga, Wasangu, Wapogoro na Wandamba. Kiswahili ndicho kilichowawezesha kupatana bei, na maneno ya safari waliyoyatumia yana historia ndefu kuliko reli yenyewe. Neno behewa, kwa mfano, lilitumika pwani kwa maana ya ua wa ndani au ghala, kabla ya kuhamishiwa kwenye chumba cha treni. Taruma lilikuwa boriti ya kuimarishia chombo cha baharini. Leo mataruma ni yale yanayobeba vyuma vya reli, na katika TAZARA mengi yake ni ya zege. Wasemaji hawakungoja kamati ya istilahi. Walichukua maneno ya jahazi na nyumba, wakayapeleka mlimani.

Maneno mengine yalizaliwa njiani. Treni fupi ya bonde la Kilombero, yenye mabehewa machache, abiria waliiita kipisi. Jina hilo lina dhihaka kidogo na mapenzi mengi, kwani kipisi ndicho kilichowahudumia watu wa vituo vidogo. Jina rasmi la Reli ya Uhuru lilihusu ukombozi wa kusini mwa Afrika, ilhali kipisi lilihusu ndizi zitakazofika sokoni kabla ya kuiva mno. Majina haya mawili yanaonyesha matarajio mawili tofauti juu ya chombo kimoja.

5.0 Utalii Upitao Bila Kushuka

Kwa upande wa utalii, njia hii imejaliwa sana. Hupita katika eneo lililokuwa Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, na abiria waliweza kuwaona wanyama wakiwa dirishani. Hupita Mang'ula, penye lango la Hifadhi ya Milima ya Udzungwa iliyoanzishwa mwaka 1992. Kutoka Makambako msafiri anaweza kuelekea Makete na kufika Hifadhi ya Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005 na inayosifika kwa maua yake ya porini, hata wenyeji wakaiita Bustani ya Mungu. Treni ya kifahari ya Rovos Rail, itokayo Afrika Kusini, nayo imekuwa ikiitumia reli hii kufika Dar es Salaam.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya fedha za watalii imepita Makambako bila kushuka. Msafiri wa treni ya kifahari hula na kulala ndani ya treni. Msafiri wa kawaida ana siku chache na tarehe ya ndege isiyobadilika, na treni inayochelewa kwa saa nyingi humfanya achague basi. Gunia la viazi linaweza kungoja siku mbili stesheni, lakini ndizi na mtalii haviwezi.

6.0 Kudorora na Juhudi za Kufufua

TAZARA ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 za shehena kwa mwaka, lakini haikuwahi kufikia kiwango hicho. Mwaka 1978 Zambia ilifungua tena njia ya kusini, na baada ya ubaguzi wa rangi kukoma Afrika Kusini mwaka 1994, sababu ya kisiasa ya kuikwepa njia hiyo iliondoka. Malori ya barabara kuu yalichukua sehemu kubwa ya mizigo, injini zikachakaa, na katika mwaka wa fedha 2014/15 shehena ilishuka hadi tani 88,000 hivi.

Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini Beijing hati ya makubaliano ya kuifufua reli, na mwaka 2025 ukafuata mkataba na kampuni ya China wenye uwekezaji wa takriban dola za Marekani bilioni 1.4. Msukumo wake mkuu, kama mwaka 1967, ni shaba. Swali muhimu kwa Makambako ni kama katika ratiba mpya patakuwa na nafasi ya treni isimamayo kila kituo, kwa kuwa treni ya shaba haina sababu ya kusimama Mpanga wala kupakia mikungu ya ndizi.

7.0 Hitimisho

Historia ya Makambako inaonyesha kwamba makutano ya njia ndiyo yaliyokuza mji, na kwamba reli ilitoa kitu ambacho barabara haikukitoa: nafasi ya mtu mwenye mtaji mdogo kuuza mbali na kwao. Utalii unaweza kuongezeka iwapo ratiba itaaminika na huduma za kwenda Kitulo na Udzungwa zitaunganishwa na vituo. Lakini kipimo cha kufufuka kwa reli hii hakitakuwa tani za shaba peke yake. Wakazi wa bondeni na wa mlimani watakipima kwa kuangalia kama kipisi kimefika, na kama kimefika siku iliyoandikwa.