Mashine ya Mvuke Huishi kwa Grisi

Mgeni anayeshukia uwanja wa ndege pande za Kiembe Samaki, akifika Mji Mkongwe wa Zanzibar huonyeshwa milango ya nakshi na majahazi. Habari za mvuke ni nadra kuzisikia. Ilhali Sultani Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alikuwa na meli za moshi zilizosafiri kati ya Unguja na Bombay, na mwaka 1905 gari la moshi lilianza kwenda Bububu. Kilichosalia ni kidogo mno. Glasgow, meli ya Sultani iliyoundwa Uskochi 1878, ilizamishwa bandarini na Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyotimiza hata saa moja. Milingoti yake ilibaki imechomoza majini hadi 1912, mabaki yalipovunjwa na mengi kwenda kutupwa baharini.

Linganisha na Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Kigoma ndani ya masanduku yapatayo 5,000, na kushushwa majini 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe, lakini kwanza mafundi walizipaka injini grisi nzito. Kwenye injini ya mvuke kila kitu kinategemea pistoni kuteleza ndani ya silinda. Kutu ikishaingia humo, umebaki na chuma chakavu. Waingereza walipoiibua 1924 walikuta injini na boila bado zinafaa, na 1927 ikarudi kazini. Kwa hiyo kilichoiokoa mashine ile ni mkono wa fundi, na hicho ndicho tunachopaswa kukienzi kabla ya chuma chenyewe.

Wapo watakaosema hivi vilikuwa vyombo vya vita na ukoloni. Kweli, lakini Liemba imebeba dagaa, wakimbizi na wafanyabiashara kwa miaka mingi kuliko ilivyobeba mizinga. Hoja ya gharama ni nzito zaidi: miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziling'olewa zikafungwa za dizeli, na abiria hawakuwa na sababu ya kulalamika. Hata hivyo, si lazima kuchagua kimoja. Huko Crofton, Uingereza, pampu za umeme ndizo zinazojaza mfereji siku za kawaida, na injini ya mvuke ya 1812 huwashwa siku maalumu na watu wanaojitolea, ikavuta maji kwelikweli. Visiwani hatuna injini kama hiyo, ila ujuzi wa boila haujatutoka: kiwanda cha makonyo cha Wawi, Pemba, hukamua mafuta ya karafuu kwa mvuke. Makumbusho ikitaka kueleza enzi ya meli za moshi, ianze kwa kuwaita mafundi wa pale, si kwa kutundika picha ukutani.