"Hajambo, amelala tu": Jeraha la kichwa lisilosubiri asubuhi

Sisi tunaoishi ughaibuni tunazijua simu za usiku. Miaka kadhaa iliyopita tulipigiwa kutoka nyumbani kwamba kijana wetu ameanguka na bodaboda, hakuwa amevaa helmeti, "lakini hajambo, amekula, amelala tu." Tukamshukuru Mungu. Asubuhi hakuamka.

Hatumlaumu mtu. Jeraha la ubongo lina hila zake. Damu yaweza kuvuja polepole chini ya fuvu huku majeruhi akizungumza na kucheka. Machi 2009 mwigizaji wa Uingereza, Natasha Richardson, alianguka akijifunza kuteleza kwenye theluji huko Quebec, Kanada. Alisema hana neno. Siku mbili baadaye alifariki dunia.

Hospitalini, daktari kwanza huhakikisha majeruhi anapumua vizuri, kwani ubongo ulioumia hauvumilii kukosa oksijeni. Kisha hupima fahamu kwa kipimo cha Glasgow, kinachotumika tangu mwaka 1974: kufumbua macho alama 4, kusema 5, kusogeza viungo 6. Mwenye 15 ana fahamu kamili. Mwenye 8 au pungufu yuko hatarini sana. Picha ya CT-scan huonyesha kama damu imevuja, na ikiwa inaukandamiza ubongo, huenda ikabidi fuvu lifunguliwe haraka.

Ndugu msomaji, aliyegonga kichwa apelekwe hospitali bila kusubiri iwapo alipoteza fahamu, anatapika tena na tena, kichwa kinazidi kuuma, anasinzia kupita kawaida, anapata degedege, mboni za macho hazilingani, au maji maji yanamtoka puani au masikioni. Asipewe aspirini. Hata akiruhusiwa kurudi nyumbani, asiachwe peke yake kwa saa 24 za mwanzo.

Wapo wanaopona lakini wakabaki wasahaulifu, wenye hasira za ghafla na maumivu ya kichwa. Hao hawakurogwa wala si wavivu. Ni ubongo unaotaka muda, mapumziko na subira ya jamaa.

Kwetu sisi wa ng'ambo limebaki somo moja chungu. Fedha tulizochanga kwa haraka kwa ajili ya mazishi zilitosha kulipia kipimo, na chenji ingebaki ya kununua helmeti. Simu kama ile ikilia tena, hatutauliza kama amekula. Tutauliza: amefikishwa hospitali?