Shangazi Alisema Atabadilika Rangi

Wenzangu wanagombania mwanaume na mpira wa Ulaya, wengine na baa, wengine ndiyo hivyo tena, na nyumba ndogo. Mimi mchumba wangu nilikuwa nagombania na vinyonga. Usicheke, mpenzi msomaji. Uchumba uliyumba kweli.

Tulipoanza urafiki mwaka 2014, alikuwa anafanya kazi kwenye banda la mfanyabiashara mmoja maeneo ya Usa River, mwenye kibali cha kufuga wanyama hai na kuwauza nje. Kazi yake ilikuwa kuwatunza vinyonga wa pembe tatu wa Mlima Meru. Ndiyo, wetu kabisa. Wataalamu waliwapa jina lao mwaka 1958, na kati ya ndugu zao wa pembe tatu, wengine wako Kenya, hawa wa Meru ndio wadogo kuliko wote. Dume ana pembe tatu usoni kama kifaru aliyepungukiwa mwili.

Nyumbani walivyosikia, balaa. Shangazi aliniita jikoni: "We binti, mwanaume wa vinyonga huyo, kesho atabadilika rangi." Kwetu kinyonga anaogopwa. Akionekana kwenye ua wa michongoma, watoto wanaokota mawe, wakubwa wanaangalia pembeni. Hata mimi miezi ya mwanzo nilikuwa namsubiri mchumba getini, siingii.

Mei 2016 serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi kwa miaka mitatu. Kwa moyo wangu naona ilikuwa sawa, maana mlima ni mmoja na hawa hawapatikani kila mahali. Lakini pale bandani mambo yalikwama. Mnunuzi hakuna, mshahara ukawa wa kubahatisha, vijana wakaondoka mmoja mmoja. Mahari iliyokuwa ipelekwe Agosti ikasogezwa. Yeye kila alfajiri bado anapanda daladala kwenda kunyweshea vinyonga. Nikamuuliza, hivi unaoa mimi au unaoa wao? Akasema, "Nikikosa siku tatu wanakufa. Wewe njoo uone."

Nikaenda. Jamani, kinyonga wa mlimani ni mgeni mwenye masharti! Maji ya kwenye bakuli hayatazami, anakunywa matone yanayoning'inia kwenye majani kama umande wa msituni. Kwa hiyo asubuhi na jioni unapuliza majani kwa chupa, na mchana mpira wa dripu unadondosha tone tone juu ya matawi. Kizimba ni cha wavu pande zote, siyo kioo, hewa ipite. Akijiona kwenye kioo anadhani ni mpinzani, anakasirika mpaka anaugua. Kila mmoja na kizimba chake. Madume mawili ukiyaweka pamoja ni ngumi.

Kubwa kuliko yote ni baridi. Watu wanadhani mnyama wa Afrika anataka joto. Huyu anatoka kwenye ukungu. Usiku wa Julai tunaovaa masweta, yeye ndiyo raha yake. Mchana nyuzi 25 zinamtosha. Zikipita 30 anaanza kuhema mdomo wazi. Bati la lile banda lilikuwa linachoma, basi mchumba akaezeka majani ya migomba juu yake kwa mikono yake.

Jua la asubuhi anahitaji, mifupa iwe imara, lakini na kivuli cha kukimbilia. Chakula ni panzi na nyenje, nao walishwe mboga kwanza, halafu wapakwe unga wa kalsiamu kidogo. Nilijifunza kusoma macho yake: yakizama ndani, ana kiu, akiyafumba mchana, ni mgonjwa. Na asishikwe-shikwe ovyo. Hapendi kubembelezwa. (Hapo nilimwambia mchumba, basi mnafanana.)

Siku jike mmoja alipojifungua nilikuwepo. Vinyonga wengi hutaga mayai udongoni, wa pembe tatu anazaa watoto kabisa, baada ya kubeba mimba karibu nusu mwaka. Mama anatembea juu ya tawi, anadondosha kifuko chenye utelezi, kinanata kwenye jani. Kinatikisika, kinapasuka, kinatoka kitu kama nusu ya kidole changu cha mwisho, kinajinyoosha, kinaondoka. Hakiangalii nyuma. Mchumba alikuwa anavihamisha kwa kijiti, anahema polepole, jasho linamtoka, maana mama mwenye njaa anaweza kula wanawe. Nilimtazama yule mwanaume nikakaa kimya muda mrefu.

Baada ya hapo ndoo ya ndizi zilizooza ilihamia kwangu Sakina, kufuga vijinzi vya kulisha watoto wale. Harufu yake usiniulize. Mama mwenye nyumba aliniuliza kama napika gongo.

Tulifunga ndoa 2018, mahari ikalipwa kwa mafungu. Bandani walitenganisha majike na madume wasizae tena, na waliobaki wakazeeka taratibu. Wa mwisho, dume, alikufa 2021. Juni 2022 ikatangazwa kwamba wafanyabiashara wataruhusiwa miezi sita kusafirisha wanyama waliobaki mabandani. Watu wakapiga kelele, na ndani ya siku chache ruhusa ikasimamishwa. Sisi tulikuwa tunakula chakula cha usiku. Mume wangu aliinuka akapunguza sauti ya redio, akaendelea kula.

Siku hizi anatembeza wageni kwa miguu upande wa Momella. Majirani wakikuta kinyonga shambani wanamwita, naye anawajibu kilekile: mwacheni hapo hapo alipo, kumkamata bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2009. Shangazi naye alipigiwa simu na jirani yake wa Tengeru juzi, kuna mmoja kwenye mpera. Akampa namba ya mume wangu.