Tooting: Taa ya mezani, karatasi nyeupe na sura zetu

Mpenda kupiga picha anayeishi Tooting, kusini mwa London, hana haja ya kusafiri mbali kutafuta cha kupiga. Karibu na kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Tooting Broadway, kilichofunguliwa mwaka 1926, kuna masoko mawili ya ndani: Tooting Market la mwaka 1930 na Broadway Market la mwaka 1936. Ndizi za kupika, vitambaa na mikono ya wauzaji vyatosha kwa Jumamosi nzima. Ila ukimlenga mtu, muombe ruhusa kwanza.

Tatizo ni mwanga. Katikati ya Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi alasiri, wakati saa kumi alasiri ya Dar es Salaam bado kuna zaidi ya saa mbili za mchana. Hata saa sita mchana jua huwa chini sana angani. Basi wengi hurudi ndani na kuanza majaribio.

Majaribio hayo hayahitaji fedha nyingi. Mkalishe mtu ubavuni mwa dirisha, kisha weka karatasi kubwa nyeupe upande wa pili. Kivuli cha shavu kitalainika. Usiku, elekeza taa ya mezani ukutani badala ya usoni. Taa ikimwelekea mtu moja kwa moja, ukiisogeza mbali mara mbili, mwanga unaomfikia hubaki takriban robo tu.

Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, jambo hili si mchezo tu. Kamera hupima mwanga kwa kukadiria rangi ya wastani. Mtu akisimama mbele ya dirisha jeupe, kamera hupunguza mwanga na sura hupotea. Hapo ongeza mwanga. Uso mweusi ukijaza picha nzima, kamera huzidisha na ngozi hupauka, hapo punguza.

Kuna historia nyuma yake. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilirekebisha rangi za filamu kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Watafiti wameeleza kuwa miongoni mwa waliolalamika kwamba rangi za kahawia hazitofautiani vizuri ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao.

Wapiga picha wa pwani yetu hawakungoja. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Zanzibar mwaka 1930. Omar Said Bakor wa Lamu, aliyefariki mwaka 1993, alijifundisha mwenyewe na akaunganisha picha kadhaa kuwa moja.

Leo simu ya mkononi inatosha kuanza. Mpige bibi akimenya viazi, mtoto akivaa sare ya shule, baba akirudi kutoka zamu ya usiku. Ukituma nyumbani, andika jina, mahali na mwaka. Baada ya miaka hamsini, wajukuu watataka kuziona sura hizo, na ni lazima zionekane.