Kabla ya kufungua friji, andika utabiri wako

Kama umesoma fizikia sekondari, huenda nawe umewahi kupika data. Unapima muda wa pendulamu, unakokotoa g, unapata 9.2. Kila mtu anajua inatakiwa 9.8, basi unarudi kwenye jedwali "kurekebisha" kidogo. Mimi nimefanya hivyo, tena si mara moja, na alama nikapewa.

Sidhani ni uvivu tu. Jaribio ambalo jibu lake liko tayari kitabuni linakuachia nini cha kufikiri?

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unayaweka kwenye friji. Siku moja nafasi zilikuwa zinaisha. Mwenzake akaweka maziwa bila kuyachemsha. Mpemba akaweka yake yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado. Alipouliza darasani, aliambiwa amechanganyikiwa.

Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Wenzake wakacheka. Osborne naye alikuwa na shaka, ila alimwambia fundi wa maabara apime. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto yameganda kwanza, lakini ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi. (Unaona? Ugonjwa ule ule.) Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja.

Ubishi haujaisha. Mwaka 2016 Burridge na Linden walirudia vipimo kwa uangalifu, wakasema hawakuona ushahidi wa maana. Kwa mwalimu hii ni zawadi: hata yeye hawezi kuchungulia jibu.

Ukitaka kujaribu na darasa lako, chukua vikombe viwili vinavyofanana, maji ya ujazo sawa, kimoja nyuzi 35, kingine karibu na 100. Kabla ya chochote, kila mmoja aandike anachotabiri na kwa nini, kwa kalamu, siyo penseli. Halafu pimeni. Mtashangaa ubishi unavyoanzia: "kuganda" ni maji kufika nyuzi 0, au kuwa barafu yote? Mmoja atasema maji ya moto yamepungua kwa mvuke. Mwambie afunike vikombe, arudie. Mwingine atasema kikombe cha moto kimeyeyusha barafu ya chini yake kikagusa chuma. Mpe ubao akiweke juu yake. Na atakayepata tofauti na wenzake, asifute.