Gari Kuzima Likiwa Safarini: Chanzo Kichunguzwe Kabla ya Kubadilisha Vipuri

MWANZA – Tangu Daraja la J.P. Magufuli linalounganisha Kigongo na Busisi lizinduliwe tarehe 19 Juni, 2025, safari ya kuvuka Ghuba ya Mwanza, ambayo awali ilitegemea vivuko, hukamilika kwa dakika chache juu ya daraja lenye urefu wa takriban kilomita 3. Kivukoni, dereva alizima gari na kusubiri kuvushwa. Darajani, gari linajivusha lenyewe. Kwa sababu hiyo, injini inayozima ghafla katikati ya daraja, au kwenye miteremko ya jiji lililojengwa juu ya vilima vya mawe, si usumbufu wa mmiliki peke yake bali ni hatari kwa kila anayefuata nyuma yake.

Pamoja na hatari hiyo, wamiliki wengi hukabiliana na tatizo hili kwa kubahatisha. Plagi hubadilishwa leo, pampu ya mafuta kesho na koili wiki ijayo, ilhali gari linaendelea kuzima. Fedha hutumika kwenye vipuri vilivyokuwa vizima, na chanzo halisi hubaki palepale.

Hatua za haraka gari linapozima

Injini inapozima, usukani na breki haviachi kufanya kazi, ila hupoteza msaada vinaoupata kutoka kwenye injini. Usukani huwa mzito, na breki hubaki na akiba ya kukanyagwa mara chache tu kabla ya pedali kuwa ngumu. Dereva anapaswa kushika usukani kwa mikono miwili, kuwasha taa za tahadhari, kuelekeza gari pembeni na kukanyaga breki kwa mkazo mmoja bila kuachia na kurudia.

Ufunguo usichomolewe gari likiwa bado linatembea, kwani usukani unaweza kujifunga. Baada ya gari kusimama, pembetatu za tahadhari ziwekwe kwa umbali unaowawezesha madereva wengine kuziona mapema, na abiria washukie upande usiopita magari.

Dalili na maana zake

Injini ya petroli huhitaji mafuta, hewa na cheche, kila kimoja kwa kiasi na wakati wake. Kimojawapo kikikosekana, injini huzima. Namna inavyozima ndiyo inayoonesha pa kuanzia.

Gari likipungua nguvu na kukatakata kama lenye kwikwi kabla ya kuzima, hususan linapopanda mlima, mara nyingi mafuta hayafiki ya kutosha. Filta inaweza kuwa imeziba au pampu imechoka. Katika magari mengi ya sasa pampu hukaa ndani ya tanki na hupozwa na mafuta yenyewe; hivyo mazoea ya kutembea siku zote na mafuta kidogo huifanya ipate joto na kufupisha maisha yake.

Injini ikikatika ghafla kama taa iliyozimwa, kisha ikawaka tena baada ya kupoa kwa nusu saa hivi, shaka ielekezwe kwenye umeme wa injini. Sensa ya kranki, ambayo huiarifu kompyuta ya gari kuhusu mzunguko wa injini, ni miongoni mwa vifaa vinavyoweza kushindwa kufanya kazi vikipata joto. Kwa gari la gia za mkono, mshale wa mizunguko ya injini ukianguka kwenye sifuri wakati magurudumu bado yanaizungusha injini, dalili hiyo huzidi kupata uzito.

Gari linalokwenda vizuri lakini huzima linapopunguza mwendo kwenye taa za barabarani au kituoni, mara nyingi lina tatizo la hewa: njia ya hewa imejaa masizi, au mpira wa hewa umepasuka. Taa zikififia na redio kuzimika kabla ya injini, alternata na vituo vya betri vikaguliwe. Kwa kawaida, injini ikiwaka, betri ya volti 12 hupokea takriban volti 13.5 hadi 14.5. Aidha, kengele za wizi na vifaa vya kufuatilia gari vilivyoungwa vibaya kwenye waya wa swichi vinaweza kukata umeme bila onyo.

Wakati wa mvua, maji yakijaa barabarani katika maeneo ya mabondeni kama Mabatini, tahadhari ni tofauti. Gari likizima ndani ya maji lisiwashwe tena. Maji yaliyoingia kwenye silinda hayagandamiziki, na jaribio moja la kuwasha linaweza kupinda konrodi na kuharibu injini nzima.

Mpangilio wa uchunguzi

Kipimo cha kwanza ni maelezo ya dereva. Kila gari linapozima, aandike kama injini ilikuwa ya moto au baridi, mafuta yalikuwa kiasi gani, gari lilikuwa likipanda au limesimama, kiyoyozi kilikuwa kimewashwa au la, na lilichukua muda gani kuwaka tena.

Hatua ya pili ni kusoma kumbukumbu za hitilafu kwa mashine kabla ya kuondoa betri, kwa kuwa kuiondoa kunaweza kuzifuta. Hata hivyo, mashine huelekeza kwenye eneo la tatizo. Haitoi hukumu ya mwisho. Msimbo P0335, kwa mfano, unahusu mkondo wa umeme wa sensa ya kranki. Sensa inaweza kuwa nzima na kosa likawa kwenye waya uliokatika au soketi iliyolegea.

Baada ya hapo, fundi aanze na yasiyo na gharama: vituo vya betri, fyuzi, soketi na mipira ya hewa. Kisha apime mgandamizo wa mafuta kwa geji na kuulinganisha na kiwango cha mtengenezaji wa gari. Kipuri kinunuliwe baada ya kipimo kuthibitisha kwamba kimeharibika.

Tatizo likianza mara baada ya kujaza mafuta, ubora wa mafuta hayo nao uangaliwe. Mwananchi atunze risiti na kuwasilisha malalamiko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza.

Mwisho, gari lisihesabiwe kuwa limepona kwa sababu tu limewaka gereji. Lijaribiwe barabarani katika mazingira yaleyale yaliyokuwa yakilizima: likiwa la moto kama lilizima likiwa la moto, na mlimani kama lilizima likipanda. Mmiliki ana haki ya kumuuliza fundi ni kipimo gani kilichoonesha ubovu, na kuoneshwa kipuri kilichoondolewa, kabla hajalipa na kuondoka na gari litakalobeba familia yake au abiria.