Bunduki za masafa marefu: Uraibu ambao Karagita hauna nafasi

MWAKA wa 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kuhudumu kama Rais wa Marekani, alifika kando ya Ziwa Naivasha kuwinda viboko. Baadhi ya bunduki alizobeba katika safari hiyo hazikuwa za kuchukuliwa kwenye rafu ya duka.

Moja, yenye mitutu miwili, ilikuwa imeundwa na kampuni ya Holland & Holland ya London na kutolewa kwake kama zawadi na marafiki wa Uingereza. Nyingine, ya aina ya Springfield, ilikuwa imerekebishwa ilingane na matakwa yake mwenyewe.

Zaidi ya karne moja baadaye, ufuo wa ziwa hilo umejaa mashamba ya maua na mitaa ya wafanyakazi, mmoja wa mitaa mikubwa ukiwa Karagita, kando ya barabara ya Moi South Lake. Lakini uraibu wa kuundiwa bunduki ya kipekee na kulenga shabaha ya mbali haujafa. Umeenea hasa Marekani, ambako raia wengi hujinunulia vipuri na kuviunganisha nyumbani.

Je, mkazi wa Karagita anayevutiwa na uraibu huo anaweza kufanya vivyo hivyo? Kwa ufupi, hawezi. Sababu zake zinahusu sheria, na pia maumbile ya mahali penyewe.

Kwanza ni vyema kufahamu kinachowavutia waraibu hawa. Wengi wao hawajali sana kishindo cha bunduki. Wanachotafuta ni usahihi. Mtutu mzito uliochongwa kwa uangalifu, kitako kinacholingana na bega la mwenyewe, darubini yenye nguvu na risasi zilizopimwa moja moja, vyote vinanuiwa kuhakikisha kwamba risasi ya kwanza na ya kumi zinapita njia moja.

Ndani ya mtutu huo mna michirizi inayoizungusha risasi mithili ya pia, ili isiyumbe inapopaa. Hata hivyo, hakuna fundi awezaye kuizuia isivutwe na ardhi. Risasi ya kawaida ya kulengea shabaha, ikiwa bunduki imerekebishwa kwa umbali wa mita 100, huweza kushuka takriban mita 10 kabla ya kufika shabaha iliyo mbali mita 900. Safari hiyo huchukua zaidi ya sekunde moja.

Upepo nao una yake. Upepo wa wastani unaovuma kutoka ubavuni huweza kuisukuma risasi hiyo kando kwa zaidi ya mita mbili kabla haijatua. Yeyote aonaye jinsi Ziwa Naivasha linavyochafuka kwa mawimbi nyakati za alasiri ataelewa kwa nini mlenga shabaha hutumia muda mwingi akitazama nyasi na vumbi kuliko kufyatua.

Isitoshe, ziwa hilo liko takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika sita. Hewa nyepesi huizuia risasi kidogo tu, kwa hivyo huenda mbali zaidi na kushuka kidogo zaidi.

Hapo ndipo hatari ilipo. Risasi ya bunduki kubwa ikikosa shabaha na isipate kizuizi, huweza kusafiri kilomita nne au zaidi. Katika eneo ambapo nyumba za kupanga zimebanana, wavuvi wako majini, na mamia ya wafanyakazi wamo shambani, hakuna mahali salama pa risasi kama hiyo kutua. Uwanja halali wa kulengea shabaha huhitaji ukuta wa udongo au kilima nyuma ya shabaha, pamoja na nafasi ambayo hakuna mtu anayeruhusiwa kupita.

Kuhusu sheria, Katiba ya Kenya ya 2010 haimpi raia haki ya kumiliki silaha, tofauti na Marekani ambako haki hiyo imo katika katiba tangu 1791. Hapa nchini, bunduki ni jambo la kuombewa idhini. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka kila mmiliki awe na cheti, na Bodi ya Leseni za Silaha lazima iridhike kwamba mwombaji ana sababu ya kutosha na anafaa kukabidhiwa silaha.

Kutengeneza, kuuza au kukarabati silaha kibiashara ni kazi ya waliosajiliwa pekee. Anayepatikana na silaha ya kivita kama AK-47 bila idhini anaweza kufungwa maisha.

Aidha, Kenya ni miongoni mwa mataifa yaliyotia sahihi Itifaki ya Nairobi mnamo Aprili 2004. Mkataba huo unataka kila bunduki iwe na alama za kuitambulisha tangu inapotengenezwa. Bunduki iliyoundwa kisirisiri haina nambari, na ikitumiwa katika uhalifu, polisi hawana uzi wa kufuata.

Kwa watu wa Naivasha, hilo si suala la nadharia. Mnamo Januari 2006, Joan Root, mtengenezaji mashuhuri wa filamu za wanyamapori aliyepigania kulindwa kwa ziwa hilo, aliuawa kwa kupigwa risasi nyumbani kwake kando ya ziwa. Washukiwa waliofikishwa mahakamani waliachiliwa.

Kuna wanaoweza kudai kwamba bunduki ya masafa ingewafaa kukabiliana na viboko na nyati wanaotoka ziwani na kuhatarisha maisha. Hilo pia halikubaliki. Uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku nchini mwaka wa 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaendeleza katazo la uwindaji wa burudani. Mnyama anapovamia makazi, wa kuitwa ni maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Njia iliyosalia kwa mwenye ari ya kweli ni klabu ya kulenga shabaha, cheti halali, na uwanja ulioidhinishwa. Mchezo wenyewe una heshima yake. Nchini Uingereza, walengaji hukutana Bisley tangu 1890, na baadhi ya shabaha zao za mbali huwa umbali wa yadi 1,000, yaani mita 914. Mashindano ya umbali huo yalikuwa sehemu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola hadi yale ya Gold Coast ya 2018, kabla ya ulengaji shabaha kuachwa nje ya michezo ya Birmingham ya 2022.

Ni njia ya gharama kubwa, ambayo mshahara wa mchuma maua hauwezi kumudu kwa wepesi. Lakini katika mtaa ambapo ukuta wa mabati ndio pekee unaomtenga mtoto aliyelala na barabara, heri uraibu huo ubaki ghali na mgumu kuliko kuwa rahisi na karibu.